Filamu Iliyosubiriwa Miaka 13 na Ukumbi wa Mbao wa Goma

Avatar ya kwanza ya James Cameron ilitoka Desemba 2009. Ya pili, The Way of Water, ambayo kwetu Goma wengi waliijua kwa jina la Kifaransa, La Voie de l'eau, ilitoka Desemba 2022. Aliyekuwa mtoto wa shule ya msingi wakati wa ile ya kwanza alifika kwenye ya pili amebeba mtoto wake mgongoni. Mtu aliyesubiri miaka 13 haji ukumbini kupoteza mchana. Anakuja kudai, na wewe uliyepanga mabenchi ndiye unayedaiwa.

Sisi tunaoandaa maonyesho katika kumbi za mtaa, iwe Majengo, Katindo au Ndosho, tunajua kwamba bunilizi ya kisayansi kama hii haina huruma na ukumbi mbovu. Filamu ya ngumi na mateke itafurahisha hata kwenye televisheni ya inchi 32 yenye spika iliyopasuka. Hii nyingine ina giza refu la anga, minong'ono inayofuatwa ghafla na mlipuko, viumbe wanaosema lugha isiyokuwepo duniani, na urefu wa kuumiza mgongo. Kila kasoro ya chumba chako itaonekana. Wanaosimulia hadi leo jinsi walivyofurahi hawajui kwamba furaha ile ilishikiliwa na vipande vya gundi nyeusi, betri ya pili na vyoo vya jirani.

Kabla ya waya wowote kuna karatasi. Diski ya dukani ni ya kutazama nyumbani. Kuionyesha hadharani kunahitaji ruhusa ya mwenye filamu au msambazaji wake, na Kongo ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986. Omba mapema, na ukikubaliwa uliza nakala ina sauti za lugha gani na maandishi ya lugha gani. Swali hilo la pili watu hulisahau, nalo ndilo linalokuja kuwaumbua mbele ya umati.

The Way of Water ina dakika 192, na namba hiyo ndiyo bosi wa mipango yote. Goma iko karibu na ikweta, jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Baada ya hapo pikipiki hupungua, bei hupanda, na mama mwenye watoto watatu hana raha ya kutembea hadi Ndosho. Kuonyesha usiku kunakupa giza la bure, lakini kunawafungia nje nusu ya watu wako. Ndiyo maana filamu ndefu tunaionyesha mchana, na giza tunalitengeneza wenyewe. Chukua dakika 10 za maneno ya mwanzo, 192 za filamu na 25 za mapumziko: jumla 227. Ukianza saa nane kamili, watu wanatoka saa kumi na mbili kasoro dakika 13, bado kuna mwanga. Ukianza saa nane na nusu umewapeleka gizani. Mlango ufunguliwe saa saba, na atakayefika saa nane na dakika tano apishwe kimya kimya bila kurudisha filamu nyuma kwa ajili yake, hata akiwa mzee wa mtaa.

Zile dakika 10 za mwanzo si za hotuba. Mtu mmoja mwenye sauti nzuri asimame aeleze mambo matatu ya filamu ya kwanza: Jake, yule askari mlemavu, sasa anaishi ndani ya mwili wa Na'vi (wenyeji wa bluu wa Pandora, dunia ya mbali), wanadamu wengi walifukuzwa Pandora, kanali Quaritch alikufa. Basi. Bila hilo la tatu, Quaritch akionekana tena amevaa mwili wa bluu, kila benchi litageuka baraza, huyu anamuuliza yule, na nusu saa nzima inakwenda na maji.

Twende kwenye umeme, maana hapo ndipo wengi wanapoanguka. Projekta ya taa yenye lumeni 3,000 (kipimo cha mwanga inaoutoa) inakula karibu wati 290. Laptopu ongeza 60, mikisa ya sauti na spika mbili zenye amplifaya ndani yake ongeza 100 kwa wastani. Hiyo ni 450. Zidisha kwa saa 3.2 za filamu upate saa-wati 1,440, kisha kumbuka kwamba inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi, nayo inapoteza kama asilimia 15, kwa hiyo betri lazima zitoe karibu 1,700. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 200 ina 2,400 kwenye karatasi, ila betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu unaiua, kwa hiyo hesabu 1,200 tu. Ukiitegemea hiyo moja, itazima karibu saa mbili na robo baada ya kuanza, vita vikubwa vya mwisho vikiwa bado havijaisha. Betri mbili zinatosha na chenji inabaki. Ya tatu ni ya wenye wasiwasi, na katika kazi hii wasiwasi ni sifa.

Wenye jenereta nao wasidanganywe na namba iliyobandikwa ubavuni. Injini inapumua hewa, na hewa ya juu ni nyepesi: kila mita 300 za mwinuko huondoa karibu asilimia 3.5 ya nguvu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jenereta ya kVA 2.5 ihesabiwe kama ya 2 na kidogo. Kwa mzigo huu mdogo itakunywa takriban lita moja ya esansi kwa saa. Weka lita sita na usijaze tangi injini ikiwa moto. Ikae nje, mbali na milango na madirisha, upande ambao upepo unaondoa moshi. Mji huu unaijua mazuku, hewa inayoua kimya kwenye mabonde karibu na ziwa. Moshi wa jenereta iliyofichwa kwenye korido kwa kuogopa wezi una sumu isiyo na harufu vilevile.

Kuna adui mmoja anayekuja akinukia vizuri: mashine ya bisi. Inavuta wati 1,300 au zaidi. Ikichomekwa kwenye waya mmoja na projekta, volti zinashuka, taa ya projekta inazimika, na taa hiyo ikizimika ikiwa ya moto haiwaki tena papo hapo, inadai dakika kadhaa ipoe kwanza. Ukumbi umejaa, skrini nyeusi, na wewe huna la kufanya ila kusubiri. Bisi zikaangwe nje, kwenye sufuria na makala, zifungwe kabla ya saa nane. Pamoja na hayo, projekta na laptopu zipitie kwenye UPS, kisanduku chenye betri ndogo ya akiba, walau ya VA 1,000. Haitamaliza filamu, lakini itakupa dakika chache za kuhamia kwenye betri bila watu kugundua chochote.

Kwenye menyu ya projekta kuna mpangilio wa mwinuko mkubwa. Watengenezaji wengi wanasema uwashwe kuanzia mita 1,500, na Goma inakaa juu ya mstari huo huo. Uwashe. Feni itapiga kelele kidogo zaidi, ila hewa yetu haipoozi vizuri, na projekta inayozidi joto hujizima yenyewe katikati ya filamu. Kabla ya siku yenyewe, toa kichujio cha feni ukipigepige na kukipiga brashi kavu. Vumbi la lava ni la chenga kali, na likishaganda humo hewa haipiti. Projekta iliyowekwa kwenye kiti kifupi karibu na sakafu ndiyo inayolivuta zaidi. Ipandishe mita mbili.

Skrini ya mita 4 kwa 2.25 inatosha watu 120. Kitambaa cheupe kizito, mshono ukipita juu au chini, si katikati. Toboa macho ya kamba kila sentimita 30 pande zote nne, funga kwa mpira wa tairi ili kivutike sawasawa, na nyuma yake tandika kitambaa cheusi, la sivyo mwanga unaopenya kitambaa unakwenda ukutani. Projekta nyingi za kawaida zinahitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, yaani mita 6 kwa skrini hii. Iweke katikati kabisa na iwe sawa, usitegemee kunyoosha picha kwa menyu, maana kila unapoinyoosha hivyo unapoteza ukali wake. Chini ya skrini pawe mita 1.4 kutoka sakafuni. Mabenchi yetu yako bapa, hayana ngazi, na kilemba cha mama mmoja wa mstari wa mbele kinaweza kufunika maandishi yote.

Maandishi hayo ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Dune ya pili ya Denis Villeneuve, iliyokuwa itoke Novemba 2023 ikasogezwa hadi Machi 2024, ina mazungumzo mengi ya Wafremen, watu wa jangwani, katika lugha yao ya kubuni. Hata ukiweka sauti ya Kifaransa, sehemu hizo hubaki kwenye lugha ile, na maana yake hukaa kwenye mkondo wa maandishi wa pekee, ule unaoitwa wa lazima. Programu ya kuchezea filamu mara nyingi haiuwashi yenyewe. Mwendeshaji anaona Kifaransa kinasikika, anaridhika, na dakika chache baadaye ukumbi mzima unatazama midomo inayotembea. Jaribu sehemu hizo hasa, usijaribu dakika tano za mwanzo tu. Filamu hiyo pia ni pana kuliko ya Cameron: 2.39 kwa 1. Kwenye skrini yetu ya mita 4 picha inabaki na kimo cha mita 1.67, na juu na chini kuna mikanda ya kijivu. Tandika kitambaa cheusi juu ya mikanda hiyo. Ni kazi ya dakika mbili, na picha inaonekana imekua.

Sasa giza. Hapa Goma ina bahati isiyotarajiwa: ukuta wa mawe ya lava usiopigwa plasta ni mweusi na haurudishi mwanga. Ukumbi uliopakwa chokaa nyeupe unaonekana wa heshima, lakini mwanga wa skrini unagonga kuta, unarudi, na anga la nyota linakuwa maziwa. Tukipewa kuchagua, tunachukua ule mbaya. Kumbi za mbao zina shida nyingine, nafasi kati ya ubao na ubao. Maturubai meusi yapigiliwe kwa nje na mablanketi yaning'inizwe kwa ndani. Mlangoni weka mapazia mawili yaliyoachana kwa hatua mbili, ili anayeingia afungue la pili wakati la kwanza limeshajifunga nyuma yake.

Halafu tazama juu. Tundu la msumari kwenye bati, dogo kuliko punje ya mtama, linatupa duara la jua ndani ya chumba. Saa nane liko sakafuni, saa tisa limepanda kwenye benchi, saa kumi liko katikati ya skrini, jua la pili juu ya Pandora. Ukikagua asubuhi hutaliona, kwa sababu jua liko upande mwingine. Kagua siku ya kabla, saa zilezile za maonyesho, mtu mmoja akiwa na ngazi na gundi nyeusi, mwingine akiwa amekaa gizani akimwelekeza. Projekta ya lumeni 3,000 kwenye skrini ya mita 9 za mraba inatoa karibu laksi 330 (kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu) mahali peupe kabisa. Duara moja la jua linaishinda bila jasho.

Mabati hayohayo yana shida ya mvua. Kuanzia Septemba hadi Desemba, na tena Machi hadi Mei, mvua ya alasiri ikipiga bati tupu hakuna spika itakayoshindana nayo. Ukiongeza sauti unapata kelele mbili badala ya moja. Dari ya magunia yaliyojazwa nyasi kavu husaidia kidogo ila inaweza kushika moto, kwa hiyo hatuipendi. Bora kusimamisha filamu na kusubiri, au kuichagulia Juni, Julai au Agosti.

Malalamiko makubwa ya sauti ni moja: muziki unasikika, maneno hayasikiki. Sababu si spika. Filamu imechanganywa kwa njia sita, na mazungumzo yamewekwa zaidi kwenye njia ya katikati. Wewe una spika mbili, kushoto na kulia. Programu isipoambiwa izikunje zile sita kuwa mbili, njia ya katikati inapotea na wahusika wanakuwa mabubu huku milipuko ikiendelea. Chagua sauti ya stereo kwenye mpangilio, kisha washa kipunguza tofauti ya sauti ili minong'ono ipande na milipuko ishuke. Spika zikae kimo cha mita mbili, zikielekea mstari wa katikati. Ukisikia mvumo wa “mmmm” usioisha, laptopu na mikisa zimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti. Zihamishie kwenye ralonji moja, mara nyingi mvumo unakufa hapo hapo. Ukumbi mtupu wa mawe na mabati unavuma kama birika, na watu wakijaa unatulia, kwa hiyo sauti uliyoipanga peke yako asubuhi itakuwa ndogo saa nane. Acha nafasi ya kuongeza.

Besi inahitaji akili ya kwetu. Kwingine mngurumo mzito wa chombo cha anga ni raha tupu. Goma, baada ya milipuko ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 na ya tarehe 22 Mei 2021 na matetemeko yaliyofuata, mtu akisikia benchi linatetemeka huangalia mlango kabla ya skrini. Sema mapema, kwenye zile dakika 10, kwamba filamu ina ngurumo. Kata sauti zilizo chini ya hezi 45, hizo zinatikisa mbao kuliko zinavyosikika. Spika zilizo kwenye vyuma vya kushikilia zifungwe kwa kamba ukutani. Mwendeshaji awe na kidole karibu na kitufe: akiwa na shaka anasimamisha filamu, na kama benchi bado linacheza, anawasha taa na milango miwili inafunguliwa. Miwili, si mmoja, na yote ifunguke kwenda nje. Maturubai yasifunike mlango wa dharura hata kama mwanga unapenya hapo.

Mapumziko ya dakika 25 yanaonekana mengi hadi uhesabu vyoo. Ukiwa na viwili, na kila mtu akitumia dakika moja na nusu, dakika 25 zinahudumia watu 33. Una 120. Ongea na majirani wawili au watatu tangu wiki ya kabla, walipe kitu kidogo, weka kijana wa kuelekeza watu na madumu ya maji. Usikate filamu katikati kabisa kwa saa. Itazame mwenyewe, tafuta mwisho wa tukio kati ya dakika ya 90 na ya 105, uandike dakika na sekunde kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na laptopu. Chakula kiuzwe wakati huo: mandazi, karanga, bisi. Sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, ni tamu na watu watazidai, lakini ndani ya chumba kilichofungwa harufu inakaa hadi mwisho na mafuta yanabaki kwenye mabenchi. Ziuzwe nje, ziliwe nje.

Mapumziko ni ya hewa pia. Mtu aliyekaa hutoa joto la karibu wati 100. Watu 120 ni wati 12,000, karibu mara 27 ya mitambo yako yote, ndani ya chumba ulichokifunika kwa plastiki. Wanaosinzia saa tisa na nusu hawachoshwi na filamu, wamekosa hewa. Acha nafasi chini ya ukuta mmoja na juu ya ukuta wa pili, kila moja ikiwa na ubao wa kuzuia mwanga mbele yake, hewa baridi iingie chini na ya moto itokee juu. Wakati wa mapumziko fungua kila kitu.

Watoto wadogo wawekwe kwenye mikeka mbele, pembeni, si katikati. Shingo zao hazilalamiki na wazazi wao wanaweza kuwafikia bila kuvuka watu. Filamu ikiingia chini ya maji, rangi ya bluu inawashukia usoni na utawaona wameshika pumzi pamoja na waogeleaji. Mama mmoja alisema kwa sauti, “Apumue basi, huyu mtoto!”, na hakuna aliyejua kama anamsema wa filamu au wake.

Mwishoni watu watabaki wamekaa majina yakipita, wakisubiri kipande cha siri kama walivyozoea kwenye filamu za mashujaa. The Way of Water haina. Watangazie, maana jua halisubiri. Wakati wanatoka, zima projekta kwa kitufe chake na uache feni izunguke hadi isimame yenyewe, ndipo uchomoe waya. Taa nyingi hufa kwa haraka ya kufunga vitu. Betri zipelekwe kuchajiwa usiku huohuo. Kitambaa cha skrini kiviringishwe kwenye bomba, kisikunjwe, na maturubai yahesabiwe kabla ya kupakiwa kwenye chukudu, kile kigari chetu cha mbao, kwa sababu siku hizi turubai zuri lina wapenzi wengi.